Jumuiya ya Mtandaoni Inapohama: Kazi ya Nani, Uamuzi wa Nani

Ukifungua historia ya makala za mwanzo za Wikipedia ya Kiingereza na kurudi nyuma hadi badiliko la kwanza lililohifadhiwa, mara nyingi utamkuta mhariri aitwaye Conversion script, tarehe 25 Februari 2002. Huyo si mtu. Ni programu fupi iliyoandikwa kuhamisha kurasa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, nayo ilipopita iliacha jina lake juu ya kazi ambayo watu walikuwa wakiifanya bila malipo tangu Januari 2001. Maandishi yalifika salama. Wenyewe walibaki njiani.

Suala la jumuiya ya mtandaoni kuhama programu huzungumzwa kama suala la ufundi: seva ipi, lugha ipi, hifadhidata ya aina gani. Mafundi wanapenda liwe hivyo kwa sababu hapo ndipo wanapojua njia. Lakini ukilinganisha uhamaji uliokwenda kwa amani na ule ulioishia kwenye ugomvi, utaona ufundi uliamua mambo machache. Lililoamua mengi ni kama wale wanaofanya kazi bure walikuwa na kauli katika uamuzi, na kama wangeweza kuondoka na kazi yao endapo kauli hiyo ingepuuzwa. Anayejitolea hulipwa kwa kusikilizwa. Ukimnyima malipo hayo, hakuna mkataba wa kumzuia.

Tuanze na safari ile ya Wikipedia, maana ina karibu kila funzo ndani yake. Ilipoanza ilitumia UseModWiki, programu ya Clifford Adams iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Ilikuwa nyepesi na ilitosha kwa kikundi cha watu wanaofahamiana. Haikuwa na hifadhidata. Kurasa zilikaa kwenye mafaili, na matoleo ya zamani yalifutwa baada ya muda ili kuokoa nafasi. Mwanzoni hata viungo vilitengenezwa kwa kugandisha maneno pamoja huku herufi kubwa zikichomoza katikati, mpaka yalipoongezwa yale mabano mraba mawili mawili tunayoyajua leo. Kabla mwaka haujaisha, watu walikuwa wengi kuliko programu ilivyoweza kubeba.

Aliyeinua mkono ni Magnus Manske, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani. Kwa kujitolea aliandika mfumo mpya kwa lugha ya PHP, ukitumia hifadhidata ya MySQL, nao ukawashwa tarehe 25 Januari 2002. Ulileta vitu ambavyo mhariri wa leo hafikirii tena kwamba kuna siku havikuwapo: orodha ya kurasa unazozifuatilia, kupakia picha, kutenganisha makala na kurasa za majadiliano. Ndani ya nusu mwaka mfumo huo nao ukawa mzito, kwani kila uzuri ulioongezwa uliitoza hifadhidata. Lee Daniel Crocker, mtunzi wa programu wa Marekani, akauandika upya, na toleo lake likaanza kazi Julai 2002. Hilo ndilo lililokuja kuitwa MediaWiki mwaka 2003, mwaka uleule ilipoanzishwa Wikipedia ya Kiswahili.

Mara mbili katika miezi sita, watunzi wote wawili wakijitolea, na jumuiya haikusambaratika. Sababu moja ni kwamba mfumo wa zamani ulikuwa ukishindwa mbele ya macho ya kila mtu. Ukurasa usiofunguka unashawishi kuliko hoja yoyote. Sababu kubwa zaidi ni kwamba watunzi walikuwa wahariri wenyewe. Paa likivuja, lilivuja juu ya kitanda chao pia. Malalamiko hayakulazimika kupanda ngazi za ofisi ndipo yamfikie mwenye kuweza kurekebisha. Aliyelalamika na aliyerekebisha walikuwa kwenye ukurasa mmoja wa majadiliano.

Walichokipoteza ni historia. Mabadiliko ya miezi ya mwanzo yalidhaniwa yamekwenda moja kwa moja, hadi Desemba 2010 Tim Starling, mmoja wa watunzaji wa MediaWiki, alipokuta katika mafaili ya zamani nakala za akiba za mwaka 2001. Kwa karibu miaka tisa kumbukumbu za kuzaliwa kwa kamusi elezo kubwa kuliko zote duniani zilikuwepo bila mtu kujua zilipo. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi nasoma humo uzembe uliookolewa na bahati. Mfumo wa zamani hautakiwi kuzimwa siku ya kuhama. Unafungwa uwe wa kusomwa tu, na nakala zake zinawekwa mahali pawili pasipo chini ya mtu mmoja, zikiwa zimeandikwa wazi ni za lini na zinafunguliwaje. Kazi hiyo haina sifa, na ndiyo maana haipati wa kujitolea mpaka ipangiwe mtu kwa jina.

Herufi ni eneo jingine linalodharauliwa. Wikipedia ya Kiingereza ilihifadhi maandishi yake kwa mfumo wa herufi za Ulaya Magharibi hadi mwaka 2005, MediaWiki 1.5 ilipoihamishia kwenye UTF-8, mfumo unaobeba maandishi ya lugha zote. Kiswahili kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini kinaonekana hakina la kuhofia hapa, kwa kuwa hakina nukta juu ya irabu wala mkia chini ya konsonanti. Mpaka ufike kwenye ng'ombe. Mmoja ameandika kwa alama iliyonyooka ya kibodi. Mwingine ameandika katika programu inayoipinda alama hiyo bila kumuuliza. Hifadhidata mpya ikisoma UTF-8 kana kwamba ni maandishi ya Windows, ng'ombe yule wa pili anatokea upande wa pili akiwa ngâ€™ombe. Na hata pasipo uharibifu huo, kwa kompyuta alama hizo mbili ni tofauti. Anayetafuta mjadala wa ng'ombe au wa mng'ao akipata nusu yake tu asishangae. Fundi wa Ulaya au Marekani aliyekuja kusaidia hatalijua hili. Lazima awepo mtu wa lugha aliyekaa na orodha ya maneno ya kujaribia.

Majina ya watu yana ugumu kuliko maandishi yao. Nenosiri halihamishwi kwa sababu, katika mfumo wenye busara, halipo: kinachohifadhiwa ni zao la hesabu lisiloweza kurudishwa nyuma. Programu mpya isipoijua hesabu ya zamani, kila mwanachama atalazimika kuomba nenosiri jipya kupitia barua pepe, na hapo wanapotea waliojisajili kwa anwani wasiyoitumia tena. Mara nyingi hao ndio wakongwe. Kisha kuna majina yanayogongana. Kwa miaka kila mradi wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ulikuwa na usajili wake, hivyo Juma wa Wikipedia ya Kiswahili na Juma wa Wikipedia ya Kituruki wangeweza kuwa watu wawili. Mwezi Aprili 2015 akaunti zote ziliunganishwa; mmoja akabaki na jina, mwingine akaongezewa mkia wa mradi wake, mathalani Juma~swwiki. Kwa hifadhidata hilo ni badiliko dogo. Kwa mtu aliyejulikana kwa jina hilo tangu siku ya kwanza, ni kuvuliwa nguo sokoni.

Mfano unaofundisha kuliko yote, na ambao haujulikani sana kwetu, ni wa Wikitravel. Mwongozo huo wa wasafiri ulianzishwa mwaka 2003 na Evan Prodromou na Michele Ann Jenkins. Uliandikwa na wasafiri wenyewe kwa mtindo wa Wikipedia: aliyelala Zanzibar anaeleza nyumba za wageni, aliyepanda treni anaeleza tiketi zinanunuliwa wapi. Maandishi yote yalikuwa chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuyanakili na kuyachapisha tena, hata kwa biashara, mradi awataje waandishi na kazi yake aitoe kwa masharti yaleyale. Aprili 2006 mradi uliuzwa kwa Internet Brands, kampuni ya California. Kampuni ilipata jina, anwani na seva. Maandishi haikuweza kuyamiliki peke yake, na watu hawakuwa sehemu ya bei.

Wahariri wa Kijerumani ndio waliotoka kwanza. Waliunda chama, wakanakili makala, wakafungua Wikivoyage tarehe 10 Desemba 2006. Waitalia wakafuata mwaka uliofuata. Wahariri wa Kiingereza walivumilia hadi 2012, wakilalamikia matangazo na programu ambayo kwa maoni yao haikuhudumiwa inavyostahili. Mwaka huo wakajadiliana hadharani na kuamua kuungana na Wikivoyage chini ya shirika la Wikimedia. Agosti 2012 kampuni ikawashtaki wajitoleaji wawili, mmoja wao James Heilman, daktari wa Kanada anayejulikana kwa kazi yake katika makala za tiba. Angalia madai yalihusu nini: alama ya biashara, ushindani usio halali, njama. Kunakili maandishi hakukuweza kuwa kosa, leseni ilikwisha kusema hivyo tangu siku ya kwanza. Wikimedia nayo ikaenda mahakamani. Tarehe 15 Januari 2013 Wikivoyage mpya ikazinduliwa rasmi, na mwezi uliofuata kesi zikamalizwa kwa makubaliano.

  

Nani alishinda katika uhamaji wa Wikitravel? Jumuiya ilishinda mambo mawili makubwa: maandishi na watu. Kila makala ilifika na historia yake, na waandishi ambao hawakuwapo kuthibitisha akaunti zao walihifadhiwa kwa majina yenye alama ya walikotoka, (WT-en), ili kazi isije ikawa yatima. Linganisha na Conversion script ya 2002: miaka kumi na moja ilitosha kujifunza. Ila jumuiya ilishindwa pia, na wanaosimulia kisa hiki kwa furaha huliruka hilo. Anwani ya zamani ilibaki na kampuni, na viungo vyote ambavyo dunia ilikwisha kuviweka vilielekea huko. Mitambo ya kutafuta ilipokuta maandishi yaleyale mahali pawili, ilielekea kumwamini wa zamani, na Wikivoyage ikahangaika kwa muda mrefu kuandika upya utangulizi wa makala ili ionekane. Kwa hiyo leseni huru inakupa ruhusa ya kuondoka na mizigo, lakini mlango unabaki kwa mwenye hati. Anayeanzisha jumuiya leo na akaiandikisha anwani kwa jina lake binafsi, au kwa jina la kijana aliyemsaidia kutengeneza tovuti, ajue kwamba amemkabidhi mtu mmoja kitu ambacho siku ya kuhama hakitanakilika.

Kuajiri mafundi hakuliondoi tatizo la nani ana kauli. Julai 2013 Wikimedia, sasa ikiwa shirika lenye wahandisi wa kulipwa, ilikifanya kihariri kipya, kinachomwonyesha mwandishi ukurasa utakavyoonekana, kiwe cha kawaida kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Nia ilikuwa njema: kumwondolea mgeni alama za ajabu za msimbo wa wiki. Lakini kilikuja kikiwa na hitilafu, kikiharibu kurasa ambazo wakongwe walizisafisha, na mwezi Septemba wahariri walikuwa wamekirudisha kuwa cha hiari. Mwaka uliofuata mvutano kama huo kuhusu kitazamio kipya cha picha kwenye Wikipedia ya Kijerumani ulifika mahali pabaya: shirika liliweka kufuli jipya lililowazuia hata wakabidhi, yaani wasimamizi waliochaguliwa na jumuiya, kubadili ukurasa wa mipangilio. Kufuli hilo liliondolewa Novemba 2015. Ukiuliza leo, utakuta wahariri wasiokumbuka kitazamio kile kilikuwa na ubaya gani. Kufuli wanalikumbuka.

Njia iliyofanya kazi ilionekana 2017 na 2018. MediaWiki ilikuwa ikitegemea Tidy, programu kuukuu iliyosafisha kimyakimya makosa ya HTML ndani ya kurasa. Kuiondoa kungeyaanika makosa yote kwa siku moja. Safari hii wahandisi walitengeneza zana ya kuorodhesha kurasa zenye makosa katika kila mradi, wakaweka orodha hadharani, wakawapa wahariri muda mrefu wa kuzirekebisha, na miradi iliyokuwa tayari ikatangulia kubadilishwa. Tidy ilipoondolewa kote mwaka 2018, wasomaji wengi hawakujua kuna lililotokea. Kazi kubwa kabisa ya kurekebisha ilifanywa na watu wasiolipwa, kwa sababu waliambiwa mapema, wakaonyeshwa kazi iliko, na wakaachiwa waamue waanzie wapi.

Kwa jumuiya ndogo orodha kama hizo ni mzigo. Wikipedia ya Kiswahili ina wahariri wachache wa kudumu, na vigezo vyake vingi, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na kurasa nyingi kwa pamoja, vilinakiliwa kutoka Kiingereza. Kigezo kimoja kibovu huharibu mamia ya kurasa. Habari njema ni kwamba ukikitengeneza hicho kimoja, mamia yanapona. Habari mbaya ni kwamba anayejua kukitengeneza pengine ni mtu mmoja au wawili, na wana shughuli zao. Halafu kuna jambo ambalo wahariri wa Kiingereza hawakutani nalo: kila toleo jipya huja na maneno mapya ya menyu na maonyo, na mpaka mtu ayatafsiri kwenye translatewiki.net, msomaji wa Kiswahili anaona ukurasa nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwetu, kupanda toleo ni kurudi nyuma kidogo katika lugha. Jumuiya inayopanga kuhama iwahesabu wafasiri kuwa mafundi, na iwape maneno hayo kabla ya siku yenyewe.

Kuna upande wa pili wa kujitolea ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri uliopandikizwa katika XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Aliyeupandikiza alitumia jina la Jia Tan. Alikuwa amejitolea kwa zaidi ya miaka miwili, mpole na mchapakazi, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji wa mradi, mtu mmoja aliyechoka, agawe madaraka. Akagawa. Jumuiya inayotafuta wa kuihamisha iko katika hali ileile: imechoka, haina fedha, na mtu mwema amejitokeza. Wema wake usiwe dhamana. Kazi kubwa ipitiwe na macho ya watu wawili, na funguo za seva zibadilishwe mara tu uhamisho unapokwisha.

Na mara nyingi hatari ni ya kawaida kuliko hiyo. Ili kuhamisha, msaidizi huchukua hifadhidata yote kwenye kompyuta yake ya mkononi: anwani za barua pepe, namba za simu, ujumbe wa faragha kati ya wanachama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hakuna mahali zinaposema kwamba aliyefanya kazi bure hahusiki. Ujumbe wa faragha wa miaka kumi iliyopita haustahili kuhamishwa bila wenyewe kuambiwa. Kwa maoni yangu mwingi haustahili kuhamishwa kabisa.

Hayo yote yanachukulia kwamba jumuiya inaweza kuhama ikitaka. Jumuiya nyingi za Waswahili mtandaoni, za wakulima, za wanaosoma pamoja, za watu wa kijiji kimoja waliotawanyika kati ya Dar es Salaam, Muscat na Minneapolis, zimejengwa ndani ya Facebook na WhatsApp. Msimamizi wa kundi la Facebook hana kitufe cha kuondoka na mijadala yote pamoja na majina ya waliochangia. Kwenye WhatsApp unaweza kutoa faili la mazungumzo uliyonayo kwenye simu yako, na aliyejiunga jana ana ya tangu jana. Hakuna leseni waliyokubaliana wanachama. Hakuna nakala iliyo mikononi mwa wawili.

Yahoo ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta mafaili na mazungumzo yaliyohifadhiwa katika Yahoo Groups, huduma iliyokuwa imebeba vikundi kwa karibu miongo miwili. Muda wa kwanza uliotolewa ulikuwa takriban miezi miwili, ukasogezwa hadi mwisho wa Januari 2020, na huduma yenyewe ikafungwa Desemba 2020. Wajitoleaji wa Archive Team walihangaika kuokoa walichoweza. Vikundi ambavyo hakuna aliyekuwa na nakala yake vimekwenda. Kama wewe ni msimamizi wa kundi lenye maarifa ambayo watu wameyakusanya kwa miaka, usianze kwa kuuliza programu ipi ni bora. Waulize wanachama wako wiki hii kama wanaridhia maandishi yao yanakiliwe, toa nakala, mpe mtu wa pili, na anwani yenu iandikishwe kwa jina la kikundi.